Kitanda cha Mama wa Nyacheki

Miaka ile ya skimu nilikuwa mpakiaji wa lori la kupeleka watu kwenye mashamba yaliyoachwa na wazungu. Shule niliiacha mapema, lakini maneno nayapenda. Huko Nyacheki nikamfundisha mama mmoja, "Kuhama ni kwenda mwenyewe. Kuhamisha ni kazi yangu, na sibakishi hata mwiko!"

"Kitanda kiache, kijana. Wanangu watakibeba."

"Kwani mimi ni mkwe wako, mama, niogope kitanda chako?"

Wenzangu wakacheka. Nikaingia chumbani, nikatoka nacho kichwani, blanketi na yote. Uani alisimama Moraa, mchumba wangu wa sokoni Keumbu, ambaye kwao sikuwahi kufika.

"Mama," akanong'ona, "huyu ndiye anayeleta ng'ombe Jumapili."