Mwizi Aliyeongeza Kuni

Ko. Ko. Ko.

Alfajiri, kungali giza, nasikia mtu anagonganisha kuni bandani kwangu.

Mwizi! Na hapa Temuco, kusini mwa Chile, msimu wa baridi, heri uibiwe kitanda kuliko kuni.

Nikachukua chuma cha kuchokolea moto, nikavaa viatu vya marehemu mume wangu, nikatoka.

Ngojeni niwaeleze, wajukuu zangu. Wiki mbili nyuma alikuja kijana wa ofisi ya mazingira. Kijana mpole, hata viatu alivua mlangoni. Kuna mtu alikuwa amemwambia bomba la jiko langu linafuka moshi hata siku ambazo moshi umekatazwa kwa sababu ya hewa chafu.

"Bibi Herminda, kuni zako ni mbichi. Nikirudi nikaona moshi tena, nitalifunga jiko."

Mbichi! Mimi niliyewasha moto miaka hamsini!

Lakini jiko hilo ndilo linalonipikia na kunipasha joto. Sina jingine.

Nilijua nani kanisemea. Eleuterio, jirani yangu wa ua mmoja, anayekohoa nikifungua tu dirisha. Nikamnunia. Hata sopaipilla, vile vimandazi vya boga anavyovipenda, nikaacha kumpelekea.

Ajabu, tangu hapo moshi ukapungua wenyewe. Nikatamba mtaa mzima: "Mnaona? Ni mkono wa mjuzi!"

Basi, nikasukuma mlango wa banda.

Eleuterio huyo! Kapiga magoti, gogo kila mkono, anayagonganisha karibu na sikio.

"Weka chini, mwizi wee!"

"Taratibu, jirani. Utaniua kabla ya kikohozi."

"Unaniibia!"

"Hebu tazama hilo rundo kwanza."

Nikatazama. Nusu ya kuni hazikuwa zangu. Nyepesi, kavu, zimepasuka ncha.

"Ni za kwangu," akasema. "Nilizikausha miaka mitatu, halafu serikali ikanibadilishia jiko, ikanipa lisilotumia kuni. Kuni kavu hulia ko. Zako hulia du, kama unapiga godoro. Nazitoa kidogo kidogo nikazianike kwangu, naweka hizi mahali pake."

"Kumbe..."

"Kumbe mkono wa mjuzi!" Akacheka mpaka akakohoa.

Nikaona haya. "Nisamehe. Nilidhani wewe ndiye uliyenisemea."

Akaviangalia viatu vyangu.

"Ni mimi kweli."

Nikakishika tena chuma vizuri.

"Kifua kilikuwa hakinipi usingizi. Nilidhani watakuja kukushauri tu. Niliposikia jiko litafungwa, nikajiona sina utu."

"Si ungeniambia mwenyewe?"

"Nikuambie wewe? Mwenye miaka hamsini ya moto?"



Wajukuu zangu, jirani akiogopa kukuambia ukweli, usikimbilie kumnunia. Jiulize umemwekea sura gani.

Nikamwingiza ndani, nikamkaangia sopaipilla. Tukiwa tunakula, yule kijana wa mazingira akapita barabarani. Akalitazama bomba langu kwa muda mrefu, moshi hauonekani. Akanipungia mkono, akaenda zake.

Eleuterio alipoaga nikamfungia skafu vizuri shingoni.

"Na kesho uje tena," nikamwambia. "Ila ubishe hodi, baba, kama watu."