Bi Zuhura kajipigia X mwenyewe

Jamani, mmewahi kuona mtu anaipiga nyumba yake X nyekundu kwa mkono wake?

Mimi nimeona leo asubuhi, hapa kwetu Kilosa.

Maofisa wa mazingira walikuwa wanakuja kupima mita sitini kutoka mtoni. Nyumba iliyo ndani ya hizo mita inapigwa X ya kubomolewa, mwenyewe anapewa kiwanja kule mwinukoni.

Jirani yangu Bi Zuhura hakuwasubiri. Kachukua rangi ya kung'arishia sakafu, kajipigia.

Maofisa wakafika, wakapima. Futi kamba ikaishia kwenye jiko lake la uani. Nyumba yenyewe ikabaki nje kwa hatua mbili tatu.

Ofisa mmoja, kijana mpole, akasema, "Shikamoo mama. Hii X kaweka nani?"

"Marahaba. Nimeweka mimi."

"Sasa mama, kipimo hakijafika hapa."

"Maji yalifika. Ingia ndani."

Tukaingia wote. (Mimi sikualikwa, ila ningebakije nje?)

Ukutani kuna mstari wa tope la mafuriko. Siku zote nilidhani ni uvivu tu wa kupaka rangi.

Kijana akasimama kando yake. Mstari ukamfika kifuani.

Kisha akatoa simu mfukoni, akaupiga picha.

X hakuifuta.

Hivi mto unapimwa pale ulipolala, au pale ulipofika? Anayejua aniambie.

Maana nimerudi kwangu kuangalia ukuta wangu. Niliupaka rangi mwaka jana, ukapendeza kweli.