Rege ya Brazil kwenye Matuta ya Baba

Niliomba rege, nikaletewa Brazil. Jirani yangu wa hapa mtaani Kanyenye, anayetengeneza simu na kuwajazia watu nyimbo kwenye flashi, ana sikio zuri la muziki ila hasikilizi unachomwambia. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na madera, na nilitaka kitu cha polepole cha kunisindikiza kwenye pindo. Nilipochomeka flashi kwenye spika ikatoka kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, na kichuma kinachogongwa ting'i ting'i, na mwimbaji mwenye haraka kama anafukuza kuku. Nikatoka na futi kamba shingoni, kumgombeza.

"Subiri wimbo wa tatu, dada," alisema bila kuinua macho kwenye simu aliyokuwa ameifumua. "Hao ni watu wa kaskazini mashariki ya Brazil. Ngoma yao ya kijijini, wameitia rege na midundo waliyoachiwa na mababu zao waliochukuliwa utumwani kutoka huku kwetu."

Wimbo wa tatu ulinimaliza. Kodiani ilitulia, gitaa la rege likaingia kwa madaha, na ngoma kubwa ikawa inapiga, inanyamaza, inapiga. Mpaka saa sita nilikuwa nimeshona sketi sita na sijamfokea mteja hata mmoja. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyesikia kitu kingine dukani kwangu. Mteja mmoja aliniuliza kama ni Kongo, nikamjibu ni Kongo ya mbali sana.

Kwetu ni kijijini Puge, na huko baba alikuwa mpiga ngoma wa kikundi cha kulima. Watu wanazunguka shamba kwa shamba kwa zamu, wanajipanga mstari kupiga matuta, na mpiga ngoma anakuwa mbele yao akirudi kinyumenyume. Ngoma ikilia, majembe yote yanashuka pamoja. Mpiga ngoma hashiki jembe, na chakula kikiiva yeye ndiye wa kwanza kupakuliwa. Baba aliifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa, na sitamsingizia nikisema alikuwa na maringo nayo.

Mwaka jana kiharusi kilimwangusha. Mguu ulirudi, maneno yakarudi, mkono wa kulia haukurudi. Akajifungia ndani. Wenzake wakija kumjulia hali, anajifanya amelala. Mvua zilipoanza mama alinipigia simu: kikundi kinakuja kwetu Ijumaa, watalima kimyakimya bila ngoma, na baba amesema siku hiyo dirisha lake lisifunguliwe. "Mwanangu, huyu mtu tutampoteza hivihivi, akiwa amekaa kwenye kiti," alisema. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kiharusi chenyewe.

Mimi nikiogopa huwa natenda kwanza. Nilifunga duka, nikapanda basi na spika yangu ya kuchaji mapajani. Niliwaza: watu wapate mdundo, baba asikie shamba lake likichangamka, basi. Mama alipoiona ile spika alishika kiuno.

"Umemwomba ruhusa baba yako?"

"Nimwombe ya nini? Ni muziki tu, mama."

"Mpiga ngoma akiwa hai, hakuna wa kumpigia shamba lake bila yeye kukubali. Unawaambia watu ameshakufa."

Nilijua. Nimezaliwa pale, najua kila kitu, ila kichwa changu ni kigumu, na baba ndiye aliyenirithisha. Asubuhi watu walipojipanga nikaiweka spika juu ya ndoo mbele ya mstari, nikawasha.

Ilikuwa aibu. Wimbo wa kwanza ulikwenda mbio, watu wakalima kama wanafukuzwa, tuta likapinda. Nikabadilisha, nikaweka ule wa tatu ninaoupenda. Majembe yakapanda, yakasubiri ngoma, ngoma ikanyamaza. Ilipolia, nusu ya watu walikuwa wameshashusha. Shangazi yangu, dada yake baba, alibaki na jembe juu akiniuliza kwa sauti kama alishushe au angoje barua. Kila mtu akacheka, na mimi nikacheka huku nikitamani ardhi ipasuke.

Hapo mlango ukafunguliwa. Baba alitoka na koti lake juu ya singleti, akijikongoja kwa fimbo, amekunja uso.

"Shikamoo, baba," nilisema.

Hakuitikia. "Zima."

Nikazima. Alisimama pale mbele ya watu aliowakwepa mwaka mzima.

"Nani huyo anayepiga?"

"Ni Mbrazil, baba."

"Mvivu. Anapiga moja, anapumzika. Watu watalimaje?" Akaisogelea ndoo. "Washa tena."

Nikawasha. Aliinamisha kichwa, akasikiliza sana. Kisha nikaona kidole cha mkono wa kushoto kinagonga kwenye fimbo, pale pale Mbrazil aliponyamaza. Tena. Na tena. Mama akaenda ghalani mbio, na mama yangu si mtu wa mbio, akarudi na ngoma, akaiweka juu ya kinu mbele yake.

Kwa mkono mmoja baba asingeweza kuendesha shamba. Ila ule muziki umejaa nafasi, na kila nafasi ilihitaji pigo moja tu. Spika ilifanya yale mapigo madogomadogo yaliyokuwa kazi ya mkono wake wa kulia, yeye akatoa lile pigo la kushusha jembe. Mstari ukanyooka. Shangazi akapiga kigelegele akiwa ameinama. Nilichukua jembe nikaingia kwenye mstari ili watu wasinione ninavyolia, na nililima vibaya sana.

Alipiga ngoma kwa matuta mawili, akaomba kiti. Chakula kilipoiva mama alimpakulia yeye kwanza, mbele ya wote, naye akala taratibu kwa mkono wa kushoto, akimwagia supu koti lake, akibishana na kiongozi wa kikundi kuhusu shamba la Jumanne. Nilipoanza kufungasha spika akanitazama.

"Hiyo inabaki, mama."

"Baba, mimi nitashonaje?"

"Imba," alisema.

Siku hizi nashona kimya. Mama ananipigia simu kulalamika kwamba shamba letu lina magugu, hakuna wa kumkatia kuni, na mume wake haonekani nyumbani tangu asubuhi. Nampa pole. Halafu namwomba anilalamikie tena, kuanzia mwanzo.