Beta Wawili na Parsele ya Papa

Mama alitoka Katana kuja kutupatanisha mimi na kaka yangu. Tangu papa afariki, sisi wawili tunagombania parsele, kiwanja alichotuachia kule Kadutu, na mama anataka tuishi humo pamoja. Lakini alipoingia sebuleni kwangu pamoja na kaka, jicho lake likaangukia kwenye akwariyumu kubwa isiyo na samaki, na kando yake samaki wangu wawili wa aina ya beta, madume, kila mmoja ndani ya bokali yake ya kioo.

“Hata samaki unawatenganisha? Na nyumba iko kubwa hivi!”

“Maman, hawa wanapigana.”

“Wanapigana sababu hawajazoezwa.”

Akawamimina wote wawili mle ndani ya akwariyumu, akafanya na ishara ya msalaba juu ya maji.

Wakatulia kidogo. Mama akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Mara wakatanua matamvua, wakarukiana, vipande vya mikia vikaanza kuelea. Kaka yangu akavamia na chujio la chai, mimi na bakuli. Tulilowa mpaka mabegani, huku tukifokeana nani amvue yupi.

Mama akatazama samaki, akatutazama sisi.

“Basi,” akasema. “Kesho muite muashi. Ukuta upite katikati ya parsele.”