Rangi ya Chuma Kivulini

Sogea uketi, wewe unayetaka kujifunza kutengeneza kisu kwa mkono. Usihofu kama hujawahi kushika nyundo. Mimi nilikuwa muuza samaki katika soko la Mpanda, na nilichojua kuhusu visu ni kwamba vile vyembamba vya dukani huisha makali kabla sijamaliza kutengeneza beseni moja la migebuka, samaki wa ziwani kutoka Ikola. Nilitaka kisu kinachodumu. Baadaye nikataka kukitengeneza mwenyewe.

Nilikwenda kwa baba mdogo, mhunzi wa Kabungu, anayefua mashoka na visu vya wafugaji kutokana na springi za malori. Alinikubali kwa sharti moja: kibandani kwake haingii mwanamke. Ndivyo alivyoachiwa na baba yake.

“Mwanamke akiingia, chuma kinaharibika,” alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekueleza kwamba mvua inalowesha. “Wewe nitakuwekea moto wako pale nje.”

Basi nikakaa pale nje. Nilikuwa na shimo la mkaa, feni ya kuzungusha kwa mkono iliyoundwa kwa gurudumu la baiskeli, na kipande cha ekseli cha kufulia. Bapa langu la kwanza lilipinda kama ndizi. La pili lilikuwa nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, kwa sababu nilipiga kwa hasira. Nyundo haitaki hasira. Inyanyue, kisha iache ishuke kwa uzito wake, nawe kazi yako ni kuielekeza tu. Nilipolielewa hilo, mabega yaliacha kuuma na bapa likaanza kunyooka.

Tatizo lilikuja kwenye kukaza. Kisu kikishafuliwa hupashwa moto mpaka kiwe chekundu, kisha huzamishwa kwenye oili chafu ili chuma kiwe kigumu. Halafu hupashwa tena kidogo, kwa moto wa polepole, ili ugumu ule usiwe wa kuvunjika. Baba mdogo aliniambia nikitoe motoni kikiwa na rangi ya nyanya iliyoiva. Nilifanya hivyohivyo. Alipokichukua akakibana kwenye ufa wa gogo na kukisukuma, kikakatika.

Mwanawe, anayemzungushia feni, alichungulia kutoka kibandani. “Dada, hicho ni kisu au biskuti?”

“Biskuti ina faida,” baba mdogo akamjibu. “Inaliwa na chai.”

Cha pili kikakatika vilevile. Safari hii hakutania. “Nilikwambia, mwanangu. Na hapo uko nje tu, je, ungeingia ndani? Kikivunjika kingine, urudi kwenye samaki wako. Springi siziokoti barabarani.”

Nilivichukua vile vipande nikaviangalia pale vilipokatikia. Ndani vilikuwa na chembe kubwa zinazometameta kama sukari. Nikaokota kisu chake cha zamani kilichovunjika kwa kazi, nikakitazama. Pale kilipokatikia kilikuwa na chembe laini, za kijivu kama majivu yaliyochekechwa. Nikajiambia kwamba mwanamke hana namna ya kutia sukari ndani ya chuma. Kuna kitu nakosea, nami siondoki hapa mpaka nikijue.

Nilifua bapa jingine. Nilipokuwa nalipasha moto, nikisubiri wekundu wa nyanya, wingu zito lilipita juu yetu na uwanja ukaingia kivuli. Chuma ambacho sekunde chache kabla nilikiona bado cheusi, kumbe kilikuwa kinawaka rangi ya chungwa, kimeshapita nyanya zamani. Jua la mchana lilikuwa linakula wekundu wote. Kila mara nilipodhani ndio kinaanza kuiva, nilikuwa nimeshakiunguza, na ndiyo maana chembe zake zilikua kama sukari.

Sikukizamisha. Nilikiweka pembeni kipoe chenyewe, nikaenda kusimama mlangoni pa kibanda, nje ya kizingiti.

“Baba mdogo, wewe unakiangalia chuma gizani. Mimi nakiangalia kwenye jua la saa saba. Vyangu vinavunjika kwa sababu mmeniweka nje.”

Aliweka nyundo chini. “Kwa hiyo unataka kuingia.”

“Hapana. Nataka yale mabati yako mabovu yaliyolala nyuma ya kibanda.”

“Anajenga sasa,” mwanawe akasema. “Nyie subirini, kesho ataomba umeme.”

Nilisimamisha nguzo, nikaziba pande tatu na juu, upande wa wazi nikaugeuzia mbali na jua. Humo ndani nililipasha bapa langu upya. Wekundu ulianza taratibu, hafifu, ukapanda mpaka ukawa nyanya kweli, nami nikalizamisha. Nikalipasha tena kwa moto mdogo, likapoa, nikamkabidhi baba mdogo kisu changu cha mwisho.

Alikibana kwenye gogo akasukuma. Kikapinda. Akaachia, kikarudi kilivyokuwa. Akakigeuza, akasukuma upande wa pili kwa nguvu zaidi, kikarudi tena. Mwanawe aliacha feni, akasogea kuangalia.

“Kimekataa kukatika,” baba mdogo akasema. Alikigeuzageuza mkononi. “Kesho unaweza kuja ndani. Huku feni ni nzuri zaidi.”

“Ahsante, baba mdogo. Kibanda ninacho. Nyie mkitaka kuja kwangu, karibuni. Wanaume wanaruhusiwa.”

Kibanda hicho kipo mpaka leo, nami nipo ndani yake. Visu vya mwanzo vilikuwa vizito, vya sasa vinakaa mkononi, na mpini wa mninga najua kuuchonga usiteleze hata ukilowa maji ya samaki. Wapo wanaopita na kuniambia kazi hii si yangu. Huwa nawauliza kama kisu chao kinahitaji kunolewa.

Wewe anza hivi: kabla ya kuwasha mkaa, weka bati juu ya moto wako na uzibe upande linakotokea jua. Kaa kivulini mpaka macho yazoee, kisha ndipo utie chuma motoni.