Karatasi ya Présence

Miaka sita nilifundisha sheria ya kazi katika chuo kimoja cha binafsi hapa mjini Baraka, na siku nilipotaka hiyo sheria inisaidie, nilikuta nimeshaitupa kwa mkono wangu mwenyewe. Watu nikiwasimulia wanacheka. Wacheke. Mganga hajigangi, wazee walishasema, ila hawakusema inauma namna gani.

Nilikuwa mwalimu permanent. Kwetu hilo ni neno kubwa. Permanent ana mkataba. Akiugua, nafasi yake inamngoja, na mwanamke akizaa ana wiki kumi na nne za kukaa na mtoto wake. Mwingine ni visiteur. Huyo anaitwa somo likiwapo, somo likiisha arudi kwake, na akizaa ni shauri lake na Mungu wake. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza baada ya miaka mingi ya kulia, na zile wiki kumi na nne nilikuwa nimezipanga kichwani moja moja. Mtoto angekaza shingo kabla sijashika chaki tena.

Ndipo DG wetu, mkuu wa chuo, akatuita mkutanoni. Eti mwaka mpya wa masomo unaanza, tuongee kama jamaa. Tulikaa katika darasa kubwa, mvua inapiga mabati hata humsikii jirani yako, na kabla mtu hajafungua kinywa karatasi ikaanza kuzunguka. Karatasi nyeupe, imepigwa mistari kwa rula: jina, simu, saini. Juu hakuna neno. Nani angeuliza? Sisi watu wa huku tumezoea. Mkutano wa kanisa, semina ya mashirika, kikao cha wazazi, kwanza présence, orodha ya waliohudhuria, maneno baadaye. Anayekataa kusaini ataambiwa ana roho mbaya, na sucré yake, ile soda ya mkutano, atapewa mwingine. Kusaini présence kwetu ni kama kunawa mikono mbele ya kula. Nikasaini, tena kwa mwandiko mzuri, nikampa karatasi dada aliyekaa karibu nami. Huyo alikuwa mwalimu wa takwimu, na aliposhuka kutoka Fizi kuanza kazi alilala nyumbani kwangu miaka miwili.

DG akaongea juu ya heshima na maombi. Habari ya mikataba hakuitaja hata kidogo. Tukanywa Fanta, tukaenda.

Wiki mbili baadaye niliingia bureau yake kuomba ruhusa ya uzazi. Hakubishana. Alivuta faili, akanigeuzia. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umechapwa vizuri: sisi walimu tuliosaini nyuma tunakubali kuacha mikataba yetu na kuwa visiteurs. Nyuma yake, imepigwa pini, ile karatasi yetu ya mistari. Saini yangu ilikuwa ya nne.

"Chef, hii ni présence!" nikapaza sauti.

"Mama, we iko mwalimu wa sheria," akanijibu polepole, anatabasamu. "Mwalimu wa sheria anaweza saini kitu hajui?"

Jamani! Uongo wake ningeuvumilia. Kilichonichoma ni kwamba hapo alisema kweli. Kila mwaka niliwaambia wanafunzi wangu wasisaini karatasi isiyo na kichwa.

Nilimwandikia mkaguzi wa kazi, naye akaja. Mtu mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema karatasi ni karatasi, lakini wenzangu wakisimama na kusema ilikuwa présence, ile faili itaanguka. Nikazunguka nyumba kwa nyumba na tumbo langu, walimu saba. Wote wakaniambia, "Usiogope, tuko pamoja." Mwingine akanipa na muhogo wa kubeba.

Siku ya ushahidi DG alikaa kando, amekunja mikono. Mkaguzi akawauliza mmoja mmoja. Wa kwanza: tulikubali. Wa pili: tulikubali. Zamu ilikuwa inashuka kwenye benchi ikinikaribia, na mimi namwangalia dada yangu wa takwimu. Zamu yake ilipofika alitazama chini.

"Tulikubali, chef. Na walitusomea mbele ya kusaini."

Walitusomea! Wengine walidanganya kwa neno moja, yeye akaongeza. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi wangu nilikuwa nimempa kitanda. Mkaguzi akafunga faili, nikabaki visiteur. Nje yule dada akanishika mkono, machozi yanamtoka.

"Dada, unisamehe. Niko na batoto."

"Na hii yangu ni nini?" nikamwuliza, nimeshika tumbo. "Ni mufuko ya unga?"

Akaniachia mkono, akaenda. Sijamsamehe, na sioni haya kulisema.

Nilizaa msichana. Alikuwa na siku kumi na saba DG alipotuma karani kwangu: Madame asipoanza Jumatatu, saa zake zitapewa mwingine. Visiteur hangojwi. Jumatatu nilimwacha mtoto na mama yangu kwenye baraza la chuo, nikaingia darasani, kitambaa kimelowa kifuani chini ya kitenge. Na programu haina huruma: somo la siku hiyo lilikuwa ulinzi wa mama mfanyakazi. Nilifundisha. Nilitaja vifungu, nilitaja wiki, sauti yangu haikutetemeka.

Msichana mmoja wa mbele akainua mkono. Hakuwa na ubaya, naona mpaka leo uso wake, alitaka tu kuelewa.

"Madame, sheria inasema wiki kumi na ine. We ulizala juzi tu. Sasa juu ya nini uko hapa?"

 Huko barazani mtoto wangu alikuwa analia, na sisi sote tulimsikia.

Nikageukia ubao. "Andika somo," nikamwambia. "Hiyo swali haitatoka ku examen."