Ronnat wa Robo ya Kivuko

Ronnat binti Faelan aliolewa ng'ambo ya mto, kwenye nchi ya mfalme mwingine. Mumewe alipofariki, na baba yake naye akamfuata, alifunga virago akarudi kwao. Alikuta moshi unafuka juu ya paa la baba yake. Waliowasha moto ule walikuwa watu wa binamu yake, Odran.

Baile yetu, yaani kijiji na mashamba yake, ina robo nne, na kila robo ina tuta lake la mpaka na karamu yake ya kumlisha mfalme majira ya baridi. Faelan alishika Robo ya Kivuko. Odran alishika Robo ya Mlima, iliyopakana nayo, na mzee alipozikwa tu akaivuka mipaka kama vile tuta lilikuwa ukungu.

"Karibu dada, pole na misiba," Odran alisema, amejaa mlangoni. "Chakula utapata, na kitanda utapata."

"Kitanda hicho ndicho mama alichonizalia."

"Basi vizuri, unakijua."

Ronnat aligeuka akaondoka. Alikuja kwangu, mimi Sarnat, jirani yake tangu utotoni.

"Unamwogopa Odran?" akaniuliza.

"Mimi namwogopa mume wangu akinuna, basi."

"Njoo basi uwe shahidi wangu."

Kwetu, binti asiye na kaka huishika ardhi ya baba yake mpaka afe, kisha inarudi kwa ukoo. Ila haidai kwa kelele. Mwanamume huvuka mpaka na farasi wake mbele ya mashahidi. Mwanamke huvuka na kondoo majike. Anaingia, anatoka, anasubiri. Anarudi tena. Mwenye kukalia ardhi asipokubali kwenda kwa hakimu, mara ya tatu mwanamke anaingia mpaka ndani ya nyumba na vyombo vyake vya kupikia, na hapo si mgeni tena.

Tulivuka tuta na kondoo wawili, mmoja akichechemea. Wachungaji wa Odran wakaangua kicheko.

"Dada, farasi wamekwisha duniani?"

"Wapo," Ronnat akasema. "Ila leo nimekuja na wenye akili."

Odran naye akacheka, wala hakutaja hakimu. Mara ya pili akacheka kidogo. Nilimwuliza Ronnat mbona haendi ya tatu haraka, akaniambia, "Tulia, shoga. Namsubiri mgeni."

Mgeni mwenyewe alikuwa msimamizi wa mfalme, aliyepita kila baile kabla ya baridi kupanga karamu za robo. Asubuhi ile aliyofika, Ronnat aliingia nyumbani kwa baba yake na chano cha kukandia ubavuni na chekecheo mkononi. Akapiga magoti penye meko, akachekecha unga wa shayiri, akaanza kukanda. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Faini ya kumpiga mwanamke aliyeingia kwa sheria ingemmaliza Odran ng'ombe.

Odran akamwita hakimu mbiombio. Msimamizi akaja naye, maana alisikia harufu ya mkate.

"Mheshimiwa," Odran akaanza, "huyu anadai kisichokuwepo. Robo ya Kivuko imeliwa na mto. Kilichobaki nimekichanganya na changu. Mimi nashika robo moja tu, na msimamizi ni shahidi: kila baridi namlisha mfalme karamu ya robo moja."

Msimamizi akaitikia kwa kichwa. Ronnat akafuta unga mikononi, akasimama.

"Binamu, nisaidie kitu kimoja. Hapa tulipo ni robo gani?"

Odran akatazama meko, kisha akamtazama msimamizi.

"Ukisema hapa ni pako," Ronnat akaendelea taratibu, "basi unashika mbili, na mfalme amekosa karamu zake tangu baba azikwe. Ukisema unashika moja, chagua ipi."

Msimamizi aligeuka akamtazama Odran kama mtu anayekadiria uzito wa nguruwe.

"Moja!" Odran akasema upesi. "Ya Mlima. Nimesema moja tangu mwanzo."

"Ahsante, ndugu yangu. Basi hii ni yangu, na karamu yake naitoa mimi."

Hakimu alitupeleka tukaliangalie tuta. Odran alikuwa amelifunika kwa matawi ya miiba, lakini lilisimama vilevile, kiunoni kwa mtu, kutoka kinamasi mpaka kivukoni. Mto haukuwa umekula hata shubiri. Hukumu ikatolewa papo hapo, na Odran akawaondoa watu wake kabla jua halijazama.

Baridi ile mfalme na msafara wake walilala Kivukoni. Ronnat aliwapa nyama ya nguruwe ya chumvi, siagi, mikate na bia, na Odran alialikwa. Alikula sana. Mtu wa ukoo ni wa ukoo.

Wanaume kadhaa walimposa Ronnat baadaye, wengine kwa ajili yake, wengi kwa ajili ya malisho. Aliwakatalia wote. Alifuga, alilima, na kila kiangazi alisimamia mwenyewe usafishaji wa handaki lililo kando ya tuta la mpaka, akiwatumikisha wana wa Odran, kwa kuwa siku moja ardhi ile itarudi kwao.

"Wataichukua," huniambia, "nani amekataa? Lakini wasubiri."

Wana wa Odran sasa wana mvi. Leo asubuhi nimemsikia Ronnat kivukoni, anawafokea ng'ombe.